Milimita Thelathini na Moja

Nilikwenda kwa ajili ya mawe ya nyongo.
Kitanda kilitandikwa karatasi inayochakarika,
jeli ilikuwa baridi kama ulimi wa ndama,
na Dakta Pivoňková, kalamu nyuma ya sikio,
akaacha ghafla habari za theluji ya Liberec.
Kimya cha daktari kina uzito wake.
Akasogeza kile kipimo, akakirudisha, akakikandamiza,
akamwita mwenzake aje aone.

"Mawe hayapo," akasema. "Kuna kitu kingine."

Damu yote ya matumbo, alinieleza,
hupita lango moja ikienda kwenye ini,
imebeba mkate, bia, chumvi,
na dhambi ndogondogo za Jumamosi.
Lango hilo ni vena, nene kama kidole cha mtoto.
Langu limetuna
kama shavu lililoficha peremende.
Aneurisimu, akasema. Neno hilo nililijua la ateri,
la watu wanaoanguka sokoni bila kuaga.
Sikujua kwamba hata vena, hizi pole,
zenye damu itembeayo kama mtu atokaye kazini,
nazo huweza kuchoka ukuta.
Milimita thelathini na moja.
Akaandika, akapiga mstari chini yake.

Nikamwuliza, wangapi wanayo?
Miaka ishirini na miwili kazini,
wewe ni wa pili.
Wa kwanza alikuwa maiti.

Tafadhali, msiniletee habari za kioo.
Kila ajuaye kazi yangu hukimbilia hapo:
Ewe Vratislav, mpuliza vioo wa Nový Bor,
miaka arobaini unapuliza mapovu ya moto,
sasa povu limekuja kupanga ndani yako!
Hata kasisi alisema. Hata muuza mikate.
Kioo nakijua. Kioo kikizidi wembamba hukwambia,
hulegea kwenye ncha ya bomba, hubadili rangi,
unakizungusha, unakiokoa.
Mshipa huu haukunong'ona.
Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema;
mimi sikuficha.
Nilifichwa.

Tiba ikawa kungoja.
Hakuna kidonge, hakuna kisu:
"Tutaitazama," kila miezi sita,
karatasi ileile, jeli ileile.
Zdislava akawa anaandika namba ndani ya mlango wa kabati,
pale tulipopimia vimo vya watoto:
thelathini na moja. Thelathini na moja. Thelathini na mbili.
Binti yetu Blažena akasoma, akacheka:
"Baba bado anakua."

Mwaka wa tatu, wiki moja baada ya Pasaka,
tumbo lilinikamata mbele ya tanuri.
Damu ilikuwa imeganda langoni.
Arobaini na nne.

Prague. Siku tisa za sindano, damu isizidi kuganda,
lakini donge likakataa kuhama.
Ndipo akaja Dakta Medek, mtu wa vidole vifupi,
akanichorea kwenye karatasi ya kufutia mdomo, yenye doa la chai:
atafungua, atatoa donge,
atakata ukuta uliozidi, atashona uliobaki,
"kama kupunguza kiuno cha suruali."
Nilimpenda kwa hilo.
Mtu wa kwanza ambaye hakutaja kioo.

Sasa nina kovu lililopinda chini ya mbavu,
linalowasha mvua ikikaribia.
Namba ya mwisho kabatini ni kumi na saba.
Chini yake Zdislava ameacha nafasi.

Nimekatazwa kupuliza. Nakaa kwenye benchi
namwangalia Hynek, miaka kumi na tisa,
mwenye pumzi za kumwaga,
akichota moto tanurini.
Jana povu lake lilianza kutuna upande mmoja.
Niliinuka nimwambie azungushe,
azungushe upesi.
Kisha nikaketi,
mkono tumboni,
nikatazama.